Sikukuu ya Uhuru na Hofu ya Msongamano

Wako miongoni mwetu ambao nyoyo huwaenda mbio wakizungukwa na umati. Basi kila Desemba 9, sikukuu ya Uhuru uliopatikana mwaka 1961, hujifungia ndani. Tusiwacheke. Machi 2021, watu 45 walifariki kwa msongamano katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hofu yao ina sababu.

Lakini hadhari si kujifungia. Baada ya sala ya alfajiri, Kariakoo haijafurika bado, mwenye hofu hii na atoke na jamaa zake hadi Mnazi Mmoja, penye Mnara wa Uhuru. Waiombee nchi dua, wawasimulie watoto habari za siku ile, kisha warejee kabla njia hazijajaa. Na huko pia ni kusherehekea.