Aliyeanguka Arudishwe Mstarini

Ndugu askari, hapa Puta, kandokando ya Ziwa Mweru, baiskeli twaijua kuwa chombo cha kubebea samaki na mihogo. Lakini yako pia mashindano ya baiskeli za milimani, ambamo kijana huteremka penye mawe kwa kasi, na kosa dogo humbwaga chini. Mchezo huo una funzo kwetu.

Adrien Niyonshuti wa Rwanda alikuwa na miaka 7 tu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalipomwulia ndugu sita wa kiume. Hata hivyo, mwaka 2012 aliibeba bendera ya nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya London, akashindana mbio za milimani, akawa wa 39. Wapo watakaoicheka nafasi hiyo. Wanakosea. Mtu aliyetoka huko alikotoka, akaufikia mstari wa mwisho, ameshinda mengi.

Nasema hivi kwa kuwa vikosini wapo viongozi wanaomwita mzembe kila kuruta aliyeshindwa mtihani au kuumia mazoezini. Mzembe ni yule anayekataa kuinuka. Anayetaka kuinuka atibiwe, aonyeshwe kosa lake bila kutukanwa, kisha arudishwe mstarini. Nidhamu haipungui kwa kufanya hivyo, bali huimarika. Kiongozi anayemkatia kijana tamaa siku ya kwanza amelipotezea taifa askari. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.