Mwalimu wa mazoezi naye asome

Makao makuu ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi. Ya Yanga yapo Jangwani, kona ya Twiga. Mazoezi ndiyo yaliyohama Kariakoo: Simba wako Bunju, Yanga wako Avic Town, Kigamboni. Makocha wa viungo na madaktari wa timu wamekwenda huko huko. Kijana anayecheza Kidongo Chekundu, au anayenyanyua vyuma vya zege uani Gerezani, amebaki na mwalimu mwenye moyo wa kujitolea na ujuzi ulioishia siku alipotundika daluga.

Hatusemi hivyo kumdharau. Mwalimu huyo mara nyingi hata nauli hapewi, na bila yeye vijana wengi wa Ilala wasingekuwa na pa kwenda jioni. Tunamthamini, ndiyo maana tunataka aendelee kujifunza.

Tazama mazoezi yenyewe. Filimbi inapulizwa, vijana wanazunguka uwanja, kisha wanakaa chini, kila mmoja akivuta ncha ya kiatu huku wakihesabiwa mpaka kumi. Baada ya hapo ni kichurachura. Aliyechoka anaitwa mzembe. Aliyeomba maji anaambiwa atakuwa mzito, na huo ni mwezi wa Februari, jasho halikauki mwilini. Mwalimu anafundisha alivyofundishwa, na anaamini kwa sababu yeye yalimtoa. Anawakumbuka wenzake waliofika ligi kuu. Waliochanika msuli wa nyuma ya paja wakiwa na miaka 17, wakaishia kuuza soksi Mtaa wa Kongo, hawamo katika hesabu yake.

Ujuzi wa kazi hii umesonga mbele, na sehemu kubwa yake ni ya bure. FIFA wana mpango wa kupasha mwili uitwao 11+: dakika 20, kifaa ni mpira tu. Watafiti waliujaribu Lagos kwa timu 20 za vijana wa miaka 14 hadi 19, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41. Lagos ni jiji la joto na msongamano kama letu.

Lipo pia zoezi la watu wawili. Mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nyuma. Aliyepiga magoti anaegemea mbele polepole, mwili umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, akijizuia kwa nguvu zote mpaka pale anapolazimika kudaka ardhi kwa viganja. Denmark walilipima kwa timu 50, utafiti ukatoka mwaka 2011: kundi lililolifanya lilipata majeraha 15 ya msuli wa nyuma ya paja, kundi ambalo halikulifanya lilipata 52. Lakini lazima lianze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiwapa vijana mengi siku ya kwanza, kesho yake hawapandi ngazi. Ndiyo maana mwalimu anahitaji kuonyeshwa na mtu anayelijua, kuona picha peke yake hakutoshi.

Na simu nayo inapotosha kwa ratiba za mazoezi zinazosambaa humo. Wanaokuja kunyanyua vyuma Kariakoo wengi wameshinda sokoni wakibeba marobota na magunia tangu asubuhi. Ukimpa kijana huyo ratiba ya Mmarekani anayelala mchana na kula nyama mara tatu, unamuumiza mgongo. Mwalimu anayejifunza huanza kwa kumuuliza kijana leo amebeba nini.

Wapo watakaosema uzoefu unatosha. Basi wamtazame mwanariadha Filbert Bayi. Februari 1974, mjini Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili. Tanzania ikasusia Olimpiki ya 1976 pamoja na nchi nyingine za Afrika, na nafasi yake ya dhahabu ikapita. Mtu mwenye rekodi kama hizo akajinoa kwa mbio nyingine, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Moscow mwaka 1980 akapata medali ya fedha. Hadi leo Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, hiyo na ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 katika michezo hiyo hiyo.

Bayi alikuwa na pa kujifunzia. Mwalimu wa mtaani naye atafutiwe. TFF ina kozi za leseni, lakini ada na siku za kukaa darasani vinamshinda mtu anayeishi kwa kibarua. Tunaziomba Simba na Yanga, kila moja imtume kocha wake wa viungo aje JMK Park, Kidongo Chekundu, asubuhi moja kila mwezi, afundishe walimu badala ya wachezaji. Ofisa michezo wa Jiji awaandikishe walimu wote wa Ilala, wa mpira, ngumi na vyuma, na mvua ikinyesha awafungulie ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja. Kozi hiyo iwe ya bure, na ianze kabla ya joto la Januari.