Mabegi yetu hunuswa Miritini, jivu la bweni je?

Huku Mumbuni, Machakos, ninakoandikia haya, ukitaja Kyanguli huna haja ya kueleza. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 wa sekondari ya Kyanguli, Machakos hii hii, waliteketea bwenini. Petroli ilikuwa imemwagwa, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana vyuma. Wengi walizikwa kaburi moja shuleni. Sisi wa Pwani tulikuwa tumeshauonja msiba kama huo miaka mitatu kabla, wasichana zaidi ya 20 walipoungua Bombolulu ya Mazeras (si ule mtaa wa Mombasa). Septemba 2024, Endarasha kule Nyeri ikachukua watoto 21.

Kila mara huwa hivyo hivyo. Moshi haujatulia, mkubwa mmoja keshasema ni hitilafu ya umeme, mwingine keshasema ni watoto wenyewe. Kisha wanafunzi huitwa mmoja mmoja kuhojiwa, na mtoto wa miaka 15 aliyetiwa hofu hukubali lolote ili arudi kwa mamake. Mzazi aliyezika naye abaki na uvumi.

Kuna shahidi asiyetishika wala kuhongeka, naye ni mbwa.

Najua baadhi yenu mumeshakunja uso. Sisi ni Mashafii, mate ya mbwa kwetu ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini Suratul Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa katika hadithi. Hakuna aliyesema alale sebuleni. Tena tushamkubali bila kuuliza fatwa: abiria wa SGR pale Miritini hupanga mabegi chini, mbwa akayapitia, nasi tukapanda treni. Bandarini Kilindini wamo wanaonusa pembe za ndovu. Ikiwa pembe ya ndovu inastahili pua ya mbwa, bweni lililoungua na watoto halistahili?

Marekani kazi hii ilianza 1986, polisi wa jimbo la Connecticut walipomfunza mbwa aina ya Labrador aitwaye Mattie. London nako wazima moto wana mbwa wao, huvishwa viatu vidogo visije vigae na misumari vikamkata miguu. Anachofunzwa ni kutambua harufu ya petroli, mafuta ya taa na jamaa zake. Petroli haiishi yote motoni. Huingia kwenye nyufa za sakafu na chini ya vitu vilivyoanguka, ikabaki chembe tu. Shida ni kwamba godoro la sponji na plastiki vikiungua navyo hutoa mvuke unaofanana na wa petroli. Mbwa aliyefunzwa vizuri huzitenganisha. Akiipata, hukaa chini. Pale alipokaa ndipo pa kuchukua sampuli, ikatiwa kwenye mkebe safi wa bati unaofungwa kabisa, ikapelekwa maabara.

Maabara ndiyo yenye neno la mwisho, na hapa nasisitiza. Mbwa hukosea. Wataalamu wa Marekani wenyewe wanashikilia kwamba ishara ya mbwa ambayo maabara haikuithibitisha haifai kutegemewa. Tukileta mbwa bila kumwezesha Mkemia wa Serikali, tutakuwa tumepata njia mpya ya kuwafunga watoto wa maskini.

Na mbwa hana la kunusa iwapo mahali pamekanyagwa. Katika mikasa yetu, asubuhi jivu lishapitiwa na wazazi, wanahabari na msafara wa wanasiasa, kila kiatu na harufu yake, magari yakivuja mafuta uani. Kamba ya polisi ifungwe kabla ya hotuba, na waziri asimame nje yake kama sisi wengine.

Wakuu wa shule nao wasidhani mbwa ataletwa kuwasaka wanafunzi peke yao. Akizunguka bweni zima asikae popote, na maabara nayo isione kitu, maswali yatahamia kwingine: nani alifunga mlango, nani alitia vyuma madirishani, nyaya zilikaguliwa lini, na vitanda vingapi vilibanwa kwenye chumba kimoja.