Polisi wa karibu hupimwa siku raia anapoenda kushtaki

Beni – Mashariki mwa Congo, komanda wa polisi anapobadilishwa mjini, hotuba ya yule mpya inajulikana kabla hajafungua kinywa: raia na polisi washirikiane, anayeona mtu asiyejulikana atoe habari. Kisha kunaitishwa kikao cha kata. Mara nyingine kunakuwa salongo ya kuzibua mitaro, ama mechi kati ya askari polisi na vijana wa mtaa. Hakuna ubaya. Watoto wanapenda kuona komanda akianguka kwenye matope kama watu wengine.

Lakini mama muuza ndakala aliyevunjiwa mlango saa nane ya usiku hapimi polisi kwa mpira. Anawapima asubuhi yake, pale anaposimama mbele ya meza ya OPJ kueleza alichoibiwa. Akiombwa pesa ya karatasi, halafu pesa ya mafuta ya pikipiki ili mshukiwa akakamatwe, mechi yote imekwisha kufutwa. Jirani zake watasikia jioni ileile, na usiku unaofuata watakapogongewa mlango hawatapiga simu. Watapiga masufuria na filimbi, kama ilivyo desturi, na watamaliza mambo wenyewe.

Pesa hizo hazina risiti. Mshukiwa naye analipa: ya kuonana na ndugu zake, ya kutoka kasho. Kwa hiyo shtaka moja linalipiwa na pande mbili, na mwenye mfuko mzito ndiye anayelala nyumbani. Ni kweli kwamba askari polisi wa Congo anaishi kwa mshahara mdogo, na ofisi nyingi za kata hazina pikipiki, hazina karatasi, pengine hata taa hazina. Jambo hilo lipelekwe Kinshasa, kwa wanaopanga bajeti. Mama muuza ndakala siye serikali.

Kuna kitu kingine kinachoharibu, na kukitengeneza hakuhitaji hata franka moja: ukimya. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria wanaohusika. Raia wengi hawajawahi kuelezwa hivyo. Wanachoona ni kijana waliyemkamata Jumatatu akipita barabarani Alhamisi, tena akiwatazama usoni. “Wamemuuza,” watu wanasema. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Mara nyingine mlalamikaji hakurudi kuthibitisha maneno yake, au faili ilipelekwa kwa mwendesha mashtaka naye akamwachia kwa muda akingoja kesi. Hayo ni mambo matatu tofauti kabisa, lakini mtaani yanafanana, kwa sababu hakuna mtu wa ofisi aliyetembea mita mia tano kwenda kumwambia aliyeibiwa nini kimefanyika.

Hapo ndipo watu wanapochukua mawe na tairi. Wanaoshangaa kwamba umati unaua mshukiwa wa wizi wa simu wanasahau kuuliza umati huo ulishaleta washukiwa wangapi ofisini na kuwaona wakirudi bila neno. Kuua ni kuua, na sheria haina jina lingine la kitendo hicho. Tena umati haufanyi uchunguzi. Anayekufa haraka ni yule ambaye hakuna mtu wa kupaza sauti kusema: huyu namjua, huyu ni mtoto wa fulani.

Na nani asiyejulikana mtaani kuliko yule aliyefika juzi? Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamesukuma familia kutoka pande za Eringeti, Mbau na Watalinga kukimbilia mjini. Wengi hawako kambini. Wanaishi katika familia zilizowapokea, au katika chumba kimoja cha kukodi, watu nane na mkeka mmoja. Walikimbia usiku na wengine waliacha kila kitu, hata kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha Mkongomani wa kawaida. Kijana wa namna hiyo akisimamishwa kwenye kizuizi hana cha kuonyesha. Atatoa pesa, au atalala kasho hadi shangazi yake atafute pesa.

Sasa irudiwe ile hotuba ya kwanza: anayeona mtu asiyejulikana atoe habari. Kwa mwenyeji wa Boikene au Ngongolio ni mwaliko wa kushirikiana. Kwa mkimbizi wa ndani, yule anayeitwa “deplase” mitaani, maneno hayohayo yanamhusu yeye: ndiye anayetolewa habari. Polisi wanajenga ukaribu na upande mmoja wa ua na kumfanya aliye upande wa pili kuwa mshukiwa. Hasara haiishii kwa mkimbizi. Familia hizo zimetembea njia ambazo polisi hawazijui, zimeona nyuso, zinasikia mapema nani ameingia mtaani na nani anauza vitu vya wizi. Wakinyamaza wao, ofisi inabaki na sikio moja.

Dawa ya sehemu hii haiko mbali. Mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi wapo, na ndio wanaojua nani amelala wapi. Familia inapofika, iandikwe siku hiyo, bila malipo, na shefu aitambulishe kwa majirani. Kwenye kikao cha usalama cha kata wakimbizi wakae kwenye benchi kama wajumbe, wachaguliwe na wenzao, mwanamke mmoja angalau. Si kuwaita siku ya kugawa maharagwe tu. Orodha ikiishia mikononi mwa polisi kama orodha ya watu wa kushuku, basi bora isiandikwe kabisa.

Kuna watakaosema haya ni maneno laini, kwamba wezi wenye silaha wanataka nguvu. Congo imeshajaribu nguvu. Novemba 2013, Kinshasa ilianzisha operesheni Likofi, kwa Kilingala ngumi, dhidi ya vijana wa magenge wanaoitwa kuluna. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa katika operesheni hiyo, wengine mbele ya nyumba zao. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake pia, na mkuu wake akafukuzwa nchini. Kuluna je? Kinshasa ingali inalalamika juu yao.

Na uchungu wa jambo hilo uko hapa: wakati uleule nchi hiyohiyo ilikuwa inajaribu njia nyingine. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ilipanga upya polisi ya taifa, na polisi wa karibu walikuwa wakijaribiwa katika miji mitatu, Bukavu, Kananga na Matadi, kwa msaada wa Uingereza. Huko wakaaji waliketi na polisi katika mabaraza ya mtaa na kusema wenyewe hatari iko wapi: kona hii haina taa, ile nyumba inauza pombe kali hadi usiku wa manane, huyu askari anatoza watu. Baada ya habari za Likofi, Uingereza ilikata msaada wake kwa polisi. Ngumi ya Kinshasa ikawapiga hata wa Bukavu.

Beni ina makovu yake pia. Aprili 2021 wanafunzi walikaa kwenye uwanja wa ofisi ya mji wakidai amani, na waliotumwa kuwaondoa ni polisi. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, maofisa wa jeshi na polisi wakachukua viti vya magavana na mameya. Beni ikapata meya kutoka polisi. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Zamani raia aliyeonewa na askari polisi aliweza kupanda ngazi na kumlalamikia meya, mtu wa nguo za kiraia. Meya akiwa mwenyewe ofisa wa polisi, raia anahesabu mara mbili kabla ya kupanda. Kwa hiyo komanda anayetaka ukaribu ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa mji mwingine: lazima aonyeshe wazi kwamba askari wake akikosa, anaadhibiwa, na aliyelalamika hafuatwi.

Kufuatwa si hofu ya kubuni. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza la Kangbayi lilishambuliwa na zaidi ya wafungwa 1,300 wakatoroka kwa asubuhi moja. Kwa mtu aliyekuwa ametoa ushahidi, siku hiyo ilikuwa na maana moja tu. Baada ya hapo, kumwambia raia “toa habari, usiogope” bila kumwambia jina lake litaandikwa wapi na litasomwa na nani ni kumtania. Kuna ofisi ambako mlalamikaji anaelezea mbele ya benchi zima la watu, na ndugu wa mshukiwa wameketi humo wakisikiliza. Mlango na pazia vingetosha kuanzia.

Kwa wanawake na wasichana wanaoshambuliwa njiani kwenda kutafuta kuni au shambani, mambo ni mazito zaidi. Polisi wana kikosi cha kulinda watoto na kuzuia ubakaji, na hicho ndicho kinachopaswa kupokea shtaka. Lakini hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi haifanyi kazi baada ya hapo, na mgonjwa hapaswi kungoja karatasi ya polisi ili atibiwe. Sheria za Julai 2006 haziruhusu ubakaji umalizwe kwa faini ofisini. OPJ anayeita familia mbili “wapatane” kwa mbuzi anavunja sheria, hata akiwa na nia ya kutuliza mtaa.

Ni haki kusema pia kile ambacho polisi hawawezi. Wanaoua watu mashambani na kuchoma nyumba ni kazi ya jeshi, na hakuna kikao cha kata kitakachowazuia. Kumlaumu askari wa doria mjini kwa sababu ya Mbau ni kumwonea. Lakini mlango uliovunjwa Boikene, simu iliyonyang'anywa saa mbili ya usiku, motari aliyeuawa kwa ajili ya pikipiki yake, hayo ni ya polisi, na kwa hayo wanaweza kuhesabiwa.

Kikao kinachofuata cha kata kingeanza na jambo dogo ambalo rangi na ubao vinatosha: kwenye ukuta wa nje wa kila ofisi ya polisi kuandikwe, kwa Kiswahili na Kinande, namba ya simu ya zamu, jina la ofisa anayepokea malalamiko juu ya askari, zile saa 48 za Katiba, na kwa herufi kubwa kuliko zote: KUSHTAKI NI BURE.