Mpira Si Uhuni, Wala Si Kimbilio la Wavivu

Muhula huu yamezuka mabishano makubwa katika mabweni yetu. Na kwa kuwa mabishano ya usiku huisha taa zinapozimwa bila ya mtu yeyote kukubali kushindwa, nimeona heri niyaandike hapa, ili kila mmoja ayasome kwa utulivu na mchana kweupe.

Swali lenyewe ni hili: kijana mwenye kipaji cha kweli cha mchezo afanyeje? Kundi moja husema aache shule upesi, akautafute mchezo kabla umri haujampita. Nao hutoa hoja yao moja, kwamba Samatta hakuulizwa cheti. Kundi la pili, ambalo ndani yake wamo wazazi wengi na baadhi ya walimu, husema kwamba mpira ni uhuni na aupendaye ameshapotea. Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea, na sababu zangu nitazitoa moja baada ya moja.

Wala msidhani kwamba haya ni maneno ya kupitisha wakati. Yuko mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne, ambaye sitamtaja jina, mwenye miguu ambayo sote twaijua. Ana umri wa miaka kumi na sita. Wakati wa likizo iliyopita alijiwa na bwana mmoja ajiitaye wakala, akamwambia kwamba ipo timu Ulaya inamngoja, lakini hana budi kuondoka kabla ya mtihani wa Novemba, na kwanza alete shilingi laki nane za shughuli za safari. Mama yake huuza ndizi katika soko la Mabibo, kule Mahakama ya Ndizi, nami kwetu ni mitaa hiyo hiyo. Najua laki nane ni nini kwa mwuza ndizi. Ni mtaji wote. Tangu hapo mwenzetu hasomi, halali, na kila amshauriye humwona adui.

Basi na tuanze na huyo Samatta, ambaye jina lake limekuwa ngao ya kila asiyetaka kufanya zoezi la Hisabati. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1992, akakulia Mbagala, huko Temeke. Alianza na timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye iliitwa African Lyon. Mwaka 2010 akaingia Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika. Wakongo walipomwona wakamtaka, naye akaenda kwao akiwa na miaka 18.

Huko Lubumbashi alikaa zaidi ya miaka minne. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, naye alifunga mabao 7 katika mashindano hayo. Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wachezao katika bara lenyewe. Mwezi huo huo akaenda Genk, nchini Ubelgiji, akiwa na miaka 23. Msimu ulioishia 2019 alifunga mabao 23 katika ligi, na Genk wakawa mabingwa. Ndipo Januari 2020 Aston Villa wakamchukua, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Februari alifunga bao katika mechi na Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga tena Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ijapokuwa Manchester City walishinda kwa mabao 2 kwa 1.

Sasa ndugu zangu, hesabuni. Tangu kuingia Simba mpaka kusimama Wembley ni miaka kumi. Na katika miaka hiyo kumi hakuna daraja aliyoiruka: alicheza timu ya mtaani, kisha klabu kubwa ya nyumbani, kisha klabu kubwa ya Afrika, kisha nchi ndogo ya Ulaya, na mwisho nchi kubwa. Kila alipopanda alikuwa tayari ameonekana akicheza pale chini. Hakuna aliyemfuata uchochoroni na kumwomba pesa ya safari. Mwenye kumtaka mchezaji hutoa pesa, haombi.

Tena lipo jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na kutolijua kwetu ndiko kunakowatajirisha matapeli. Sheria za FIFA zakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mathalan, wazazi wake wawe wamehamia nchi ile kwa shughuli zisizohusu mpira. Kijana wa miaka kumi na sita wa Mabibo, ambaye mama yake yuko sokoni na ndizi zake, hamo katika sababu hizo. Kwa hiyo mtu amwambiaye kwamba timu ya Ulaya inamngoja mwezi ujao, ama haijui sheria, ama aijua na anadanganya. Katika hali zote mbili hafai kukabidhiwa mtaji wa mama.

Na hapa pana kichekesho. Kwa kanuni mpya za FIFA, zilizoanza kutumika mwaka 2023, atakaye kuwa wakala wa wachezaji hufanya mtihani ndipo apewe leseni. Basi wakala mwenyewe afanya mtihani, halafu amwambie mtoto wa shule aukimbie wa kwake! Hilo pekee lingetosha kumfungua mtu macho.

Nimekwisha kusikia jibu la wenzangu: "Umri wa mchezaji ni mfupi, na anayengoja hukuta wenzake wamekwisha kula." Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala siidharau. Miguu haingoji. Lakini mtihani wetu ni Novemba mwaka huu, si miaka mitano ijayo. Kama sheria haimruhusu kijana kucheza ng'ambo mpaka atimize miaka 18, basi akiumaliza mtihani akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba amepoteza nini? Hajapoteza hata siku moja. Ila akiuacha, amepoteza miaka minne aliyokwisha kuisoma.

Wengine husema, "Cheti hakimlishi mtu, nenda vijiweni Mabibo ukawaone wenye vyeti wamekaa." Ni kweli, wapo, na wengine ni kaka zetu. Sitawaambia kwamba cheti ni sahani ya wali. Nawauliza neno moja tu: mkataba wa mchezaji huandikwa kwa lugha gani? Huko nje huandikwa kwa Kiingereza, au Kifaransa, au lugha nyingine ya wenyewe, na ndani yake mna hesabu za asilimia, miaka, na masharti ya kuumia. Asiyeweza kuusoma atasomewa na mwingine, na msomaji wake ndiye atakayekuwa bwana wake. Hesabu tunayoikimbia darasani ndiyo itakayotungoja mezani siku ya kutia sahihi.

Tutazame mfano wa pili, wa Hasheem Thabeet, naye mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Huyu mchezo wake ni mpira wa kikapu, na ngazi aliyoipanda ilikuwa shule. Alisoma sekondari huko Houston, Marekani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, akacheza huko miaka mitatu. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule, akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo. James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Mtanzania wetu alitajwa kabla yao!

Lakini mambo hayakwenda kama yalivyotazamiwa. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka kwa muda katika ligi ya chini, na baada ya kupita timu kadhaa, mwaka 2014 ulikuwa wa mwisho kwake kucheza NBA. Hakuwa hata na miaka 30. Simtaji ili kumcheka. Aliyefika huko amefika mahali ambapo sisi hatujapaona hata kwa ndoto. Namtaja kwa kuwa habari yake yatufundisha kwamba hata aliye wa pili kati ya vijana wote wa mwaka wake aweza kumaliza kazi hiyo akiwa bado kijana, na maisha marefu yangali mbele yake. Samatta naye, pamoja na mabao yake, hakukaa Aston Villa hata mwaka mmoja. Septemba 2020 alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Yeye hakukata tamaa: mwaka 2024 alikuwa katika timu ya PAOK iliyotwaa ubingwa wa Ugiriki, na mwaka 2025 akaingia Le Havre ya Ufaransa. Lakini moyo wa kuhamahama hivyo si wa kila mtu.

Sasa nawageukia wazee wetu na walimu wetu, kwa heshima. Mnaposema mpira ni uhuni, mwatusukuma mikononi mwa wale wale matapeli. Kijana ambaye baba hataki kusikia habari za mpira hatampelekea baba barua ya wakala ili aisome. Ataificha chini ya godoro. Kama mwenzetu angekuwa na mtu mzima wa kumwuliza bila ya kuogopa kiboko au matusi, jambo hili lingekwisha siku moja.

Tena mpira ungalikuwa uhuni, Serikali isingalikuwa na UMISSETA, mashindano ambayo shule za sekondari hushindana kila mwaka kuanzia wilaya hadi taifa. Wala mchezo si wa wavulana peke yao. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akajiunga na Brighton ya Uingereza. Dada zetu wa shule hii wanapewa nafasi gani ya kujifunza mchezo? Jibu twalijua.

Wengine hujitetea kwamba vifaa hatuna. Ni kweli ni vichache. Huko kwetu Mabibo uwanja wa vumbi nilioujua nikiwa darasa la nne sasa umejaa fremu za maduka, na watoto huchezea barabarani wakizipisha bodaboda. Hili ni jambo la kulalamikia, na viongozi wa mitaa yafaa walisikie. Lakini tuwatazame majirani zetu wa Nairobi. Mwaka 2005 hoteli moja ya huko, Panari, ilifungua kiwanja kidogo cha barafu, na vijana wa Kenya, wengine wakiwa wametokea katika mchezo wa viatu vya magurudumu, wakaanza kucheza mpira wa magongo wa barafuni, mchezo wa Kanada na Urusi! Timu yao huitwa Ice Lions. Mwaka 2018 walifika Kanada wakacheza huko, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Ikiwa Mkenya apata barafu karibu na mstari wa Ikweta, je, sisi tushindwe kupata saa mbili za mpira na mwalimu mmoja wa kuzisimamia?

Kwa hiyo maoni yangu ni matatu. Kwanza, shule itenge mazoezi ya jioni mara tatu kwa wiki, na mwanafunzi ayafuate kwa sharti la kuhudhuria masomo yote. Pili, awepo mwalimu mmoja wa michezo ambaye barua yoyote ya wakala au klabu ipitie kwake na kwa mzazi, kusudi isomwe na watu wazima. Tatu, sisi wenyewe tuache kuitana wajinga: mwenye kitabu asimdharau mwenye mpira, na mwenye mpira asimcheke mwenye kitabu, kwani huenda siku moja akamhitaji amsomee mkataba.

Na wewe ndugu yangu ambaye sikukutaja, usinikasirikie. Wote tukuonao uwanjani twakubali kwamba una kitu ambacho sisi hatuna. Kaa mpaka Novemba. Ukitoka katika chumba cha mtihani, nenda kajaribu bahati yako katika timu za Dar es Salaam, zilizo karibu na kwenu, ambako nauli ni ya daladala. Miguu hiyo hiyo utakuwa nayo Desemba, na mama atakuwa bado ana meza yake sokoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne