Kwaya ya Mtaa Huanza kwa Watu Wanne

Wako watu wengi mijini ambao walipokuwa shuleni waliimba kwaya kwa bidii, na siku walipotoka shule wakauacha wimbo huko huko pamoja na madawati. Mtu wa namna hiyo huajiriwa, huoa, hushughulika na kodi ya nyumba na karo za watoto, na miaka ishirini hupita bila yeye kuimba pamoja na wengine. Husikiliza nyimbo katika redio na katika simu yake, naye hudhani kwamba kusikiliza na kuimba ni jambo moja.

Kisha jirani hufariki. Watu wa mtaa hukusanyika usiku kumfariji mjane, na mama mmoja huanzisha wimbo. Yule mtu anaujua; hata sehemu ya besi angali anaikumbuka. Lakini afunguapo kinywa, sauti hukwaruza na pumzi hukatika katikati ya mstari, naye huinamisha kichwa kama wanaume wenzake. Akina mama huuvuta wimbo peke yao mpaka wachoke, na mwisho kijana mmoja huleta kipaza sauti. Ndipo mjane hufarijiwa na sauti za wageni zitokazo katika sanduku, hali majirani zake wamekaa kimya.

Aibu hiyo yaweza kuwa mwanzo mwema, ikiwa mtu huyo ataondoka pale na nia ya kuanzisha kwaya ya mtaa. Lakini wengi hukosea katika hatua ya kwanza, maana hutafuta kinanda, sare na mwalimu mwenye sifa. Kwaya inayonunua sare kabla ya kujua wimbo mmoja hupata ugomvi wa fedha kabla ya kupata sauti. Kinachotakiwa ni watu wanne, mmoja wa soprano, mmoja wa alto, mmoja wa tena na mmoja wa besi. Chumba, kwa mfano darasa ambalo mwalimu mkuu ameruhusu litumiwe jioni. Na saa moja katika juma isiyobadilishwa.

Mwenye kuanzisha kazi hiyo asitafute cheo. Na afike kabla ya wengine, afungue madirisha, apange mabenchi, na saa ikifika aanze hata kama wamefika watatu tu. Akiwangoja wachelewaji, wale waliowahi nao watajifunza kuchelewa.

Kinanda si lazima. Katika karne ya 19 mwalimu mmoja wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, alibuni njia ya kufundisha nyimbo kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuieneza ili hata watoto na watu maskini waweze kusoma muziki. Wamisheni waliileta Afrika, nayo ndiyo ile do, re, mi iliyofundishwa katika shule nyingi za Kenya. Mtu anayeikumbuka bado, akipata ubao na kipande cha chaki, aweza kuwafundisha wenzake sauti zote nne.

Sauti iliyolala haiamshwi kwa kelele. Majuma ya kwanza, nusu saa ya kuimba yatosha: kuvuta pumzi polepole, kuimba kwa midomo iliyofumbwa, kupanda na kushuka bila kuzilazimisha sauti za juu. Koo likiuma, dawa yake ni kunyamaza. Na ambaye sauti yake imeshuka kwa miaka akubali kukaa mahali panapomfaa sasa, asing'ang'anie kiti cha ujana wake.

Kazi iliyo ngumu kuliko hizo ni kusikiliza. Mwimbaji asiyemsikia jirani yake anaimba kwa nguvu mno, hata kama sauti yake ni nzuri kuliko zote. Kwaya nyingi huvunjwa na watu hodari wasiotaka kuwa sehemu.

Kadhalika mtaani kuna makabila na madhehebu mengi, na hapana budi swali litazuka: tuimbe wimbo wa nani? Jibu lake Wakenya wanalo. Mwaka 1963 tume ya watu watano, akiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilitengeneza Wimbo wa Taifa, na sauti yake ikatoka katika wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliwabembelezea watoto. Hakuna akataaye kusimama kwa sababu wimbo ulitoka Tana. Basi kila mwimbaji na alete wimbo wa kwao kwa zamu, awaeleze wenzake maana ya maneno, kisha uwe wa wote. Fedha nazo ziandikwe katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Kwaya hiyo huenda isipate kikombe katika mashindano yoyote. Lakini msiba utakapobisha tena katika mlango wa jirani, mama akianzisha wimbo, besi itamjibu kutoka nyuma, na mjane atajua ni akina nani waliokuja. Kidole kimoja hakivunji chawa.