Ndugu Mfugaji, Unanunua Chakula au Mchanga?

Leo sitakubembeleza. Kila mara naulizwa: "Afisa, mbona sato wangu wana miezi minane na bado wanalingana na kiganja?" Nikiuliza wanakula nini, naambiwa pumba. Kwa nini pumba? "Ni bei rahisi."

Si rahisi, na hesabu hii hapa. Sato anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 35 kulingana na umri wake. Pumba za mahindi zina kama asilimia 10. Mashudu ya alizeti yaliyotoka kwenye mbegu iliyokobolewa vizuri hufika 30. Dagaa wakavu safi hufika 55.

Tuseme kilo ya pumba ni shilingi 500, mashudu 900, dagaa 2,750. Gawanya bei kwa protini iliyomo. Kilo moja ya protini kutoka kwenye pumba inakugharimu shilingi 5,000, kwenye dagaa 5,000 vilevile, kwenye mashudu 3,000. Umeona? Pumba zinatia nguvu na zina nafasi yake kwenye mchanganyiko, lakini zikiwa peke yake unalipa na samaki hakui. Mashudu nayo yana nyuzinyuzi nyingi, hivyo hayawezi kubeba mzigo wote. Fanya hesabu hii kwa bei za soko lako kabla ya kutoa hela.

Sasa nakugeukia wewe mfanyabiashara wa dagaa. Usiniambie mchanga umeingia kwa bahati mbaya. Ukianika dagaa juu ya mchanga, utauza mchanga. Vichanja vinajulikana, na dagaa wa kwenye kichanja hukauka vizuri zaidi. Anayekaa kimya akijua kilichomo kwenye gunia anamwibia mfugaji, na mfugaji akifunga bwawa, na wewe umepoteza mteja.

Mfugaji, usingoje huruma ya muuzaji. Fanya haya:

1. Nunua dagaa wazima, usinunue unga. Unga unaficha mengi. Saga mwenyewe.

2. Pima gramu 500 za dagaa, zisuuze kwenye ndoo, toa dagaa, kisha mwaga maji taratibu. Kausha mchanga uliobaki chini na uupime. Ukipata gramu 50, gunia la kilo 50 lina kilo 5 za mchanga. Kwa bei yetu ya mfano, hizo ni shilingi 13,750 umezitupa.

3. Ingiza mkono katikati ya gunia la pumba au mashudu. Ukikuta joto, unyevu, mabonge au harufu ya uvundo, liache. Sumukuvu haionekani kwa macho, na kuanika tena hakuiondoi.

4. Soya usimpe samaki mbichi. Ina viini vinavyozuia protini kusagika tumboni. Ikaange au ichemshe kwanza, ndipo usage.

Muuzaji akikataa usipime, mwachie gunia lake. Mkiwa wafugaji watano au kumi mnaonunua pamoja na kupima pamoja, mchanga utarudi ufukweni wenyewe. Lakini ukiendelea kununua kwa kuangalia ukubwa wa gunia, usiwalaumu samaki. Wao wamekula ulichowapa.